Uwele wa Kupimia Mafuvu

Ninyi vijana, hasa mlioanza kazi juzi na mnashika mali ya kazi mkidhani ni kitu tu kama vitu vingine, kaeni chini mnisome. Sitawabembeleza. Mimi niliishia darasa la nne, na koma zote mnazoziona humu ameziweka mjukuu wangu Kabula anayesoma hapa Bariadi. Maneno ni yangu. Mkikuta kosa la koma, mlaumuni yeye. Mkikuta kosa la ugali, nilaumuni mimi, na hilo la ugali ndilo kubwa.

Kazi yangu ilikuwa kujaza uwele kwenye mafuvu ya nyani.

Haya, chekeni mmalize. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, kwenye kambi ya watafiti upande wa Meatu, pale mashamba yanapokwisha na pori linapoanza. Nilichukuliwa kama mpishi wa chai. Siku moja Mzee Jilala aliniona nachambua choroko, akasimama mlangoni akitazama vidole vyangu. Kisha akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "wewe mikono yako haina haraka. Chai wataipika wengine. Njoo huku kwenye mifupa."

Mzee Jilala alikuwa mtu mwembamba kutoka karibu na Malampaka, ujana wake aliutumia kuchuna na kulainisha ngozi za ng'ombe. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu, na hakunifundisha kwa upole.

Fuvu haliji safi. Mnyama amejifia kwa ugonjwa au ameuawa na chui, askari wa pori wanaleta kichwa ndani ya gunia. Unakiloweka kwenye pipa siku nyingi, mbali na nyumba, upande upepo unakokwenda. Mimi mara ya kwanza niliweka upande upepo unakotoka, na siku hiyo chakula cha mchana cha kambi nzima kililiwa na mbwa. Halafu unachemsha kwa moto mdogo, maji yatetemeke tu, yasiruke. Ukiharakisha mfupa unapasuka kama kiazi. Na meno yakidondoka usiyamwage na maji. Nilishamwaga meno ya tumbili mmoja, nikashinda siku mbili nimepiga magoti kwenye majani nikiyatafuta, na Mzee Jilala amekaa kwenye kigoda ananisimamia.

"Bado gego moja, mayu."

"Naona, mzee."

"Huoni. Ungeona ungekuwa umesimama. Tumbili wa watu atatafunia nini huko aliko?"

Fuvu likikauka, tulilipasua katikati kwa msumeno mwembamba, kama mnavyopasua kibuyu kupata kata mbili. Ndani kuna vyumba. Kile kikubwa, cha mbele na juu, ndimo ulimokaa ubongo mkubwa. Nyuma, chini, karibu na shingo, kuna chumba kidogo kilichozungukwa na ukingo wa mfupa. Humo unakaa ubongo mdogo, uliojikunja kunja kama kabichi. Matundu ambamo mishipa ilipita unayaziba kwa pamba. Pamba hatukununua. Huku kwetu nani ananunua pamba?

Halafu unamimina uwele. Polepole, kwa karatasi iliyokunjwa. Unagonga mfupa kwa kidole mara tatu ili punje zikae. Unasawazisha juu kwa unyoya wa kuku. Kisha uwele huo unaumwaga kwenye sahani ya mzani, unasoma, unaandika daftarini: chumba cha mbele kimebeba kiasi hiki, cha nyuma kiasi hiki.

"Mara tatu," Mzee Jilala alikuwa akisema. "Ya nne ni uongo. Ukigonga mara nne leo na mara tatu kesho, wewe ndiye umekua, siyo mnyama."

Uwele wenyewe haukuwa wa kuokota. Aliuchekecha yeye mwenyewe siku nne, kwa chekeche mbili, kubwa na ndogo, hadi zikabaki punje za umbo moja, kavu, ngumu, za rangi ya jivu. Ulikaa kwenye chupa kubwa ya kioo yenye mfuniko wa bati. Na kwa kuwa ghala la kambi lilikuwa na panya, chupa ilikuwa ikilala kwangu, kwenye rafu juu ya mitungi. Asubuhi naibeba, jioni nairudisha. Kumbukeni chupa hiyo.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Uwele ukimiminika kwenye mfupa mkavu una sauti yake. Si sauti ya mvua kwenye bati. Ni ya mvua iliyo mbali, ile unayoisikia ukiwa shambani, hujui inakuja au inapita kwa wengine. Mchana, jua limesimama, upepo umelala, kambi yote imenyamaza, nilikuwa namimina na kuandika, namimina na kuandika, mpaka nikajisahau. Nilikuwa nashuka na punje zile. Naingia kwenye chumba cha mbele, naona kuta zake zina michirizi ya mishipa kama njia za ng'ombe zinazoshuka lamboni. Nikawa nawaza: humu ndimo ilimokaa njia ya kwenda kisimani. Humu ndimo ilimokaa sura ya mama yake, na sauti ya chui, na ule ukwaju uliozaa mapema kuliko mingine. Vyote vimetoka, mlango ukabaki wazi, na mimi nimeingia na uwele wangu kama mpangaji mpya. Ninaposikia "gonga, gonga, gonga" ya Mzee Jilala mezani kwake ndipo naamka, na daftari limejaa, na sikumbuki kuandika.

Mwenye kazi alikuwa Daktari Rehema, binti wa Dar, mrefu, mwenye miwani. Alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka. Nilimuuliza siku moja, kwa sababu sipendi kufanya kitu nisichokijua mwisho wake.

"Daktari, tunapima haya yote kwa ajili gani?"

"Mama Minza, ubongo si kitu kimoja," alinijibu. "Ni sehemu nyingi, zimeunganishwa kwa nyuzi. Chukua komba. Anatembea gizani, ananusa. Sehemu inayopokea harufu kwake ni kubwa, na zile zinazoletewa habari na hiyo nazo ni kubwa. Tumbili yeye ni mtu wa macho na mikono, kwake kumekua kwingine. Swali langu ni hili: ubongo mkubwa wa mbele na ubongo mdogo wa nyuma vimefungwa pamoja kwa nyuzi nyingi sana. Je, katika ukoo huu wote, kutoka komba hadi tumbili hadi nyani hadi sisi, vilikua pamoja? Au kila kimoja kilijikulia?"

"Sijaelewa," nikamwambia.

Mzee Jilala hakuinua kichwa. "Daktari, umewahi kutwanga?"

"Kidogo. Kwa bibi."

"Umewahi kutwanga wawili kinu kimoja?"

"Hapana."

"Basi muulize huyu. Mwanamke wa kwanza akiwa na nguvu na mchi mzito, na wa pili ni legelege, kinatokea nini?"

Nikajibu mimi. "Michi inagongana. Au unga unamwagika. Mwenye nguvu hawezi kutwanga kwa nguvu zake, anamngoja mwenzake."

"Kwa hiyo nyumba zenye unga ni zipi?"

"Zenye watwangaji wawili waliolingana."

Daktari alivua miwani. "Mzee, hilo nitalisema darasani."

"Lisemeni, lakini si mmoja ananenepa kwa kumwangalia mwenzake," akasema Mzee Jilala, maana alikuwa mtu wa kuweka mipaka.

"Hapana," Daktari akasema. "Si mnyama mmoja, wala si siku moja. Walizaliwa wengi, kila mmoja na kichwa chake. Wale ambao jozi yao ilipatana waliishi kidogo zaidi, wakazaa kidogo zaidi. Vizazi juu ya vizazi, vingi kuliko majina yote unayoyajua. Wala si kila kitu kilikua na kila kitu. Kama kweli ipo, basi kilichoshikana ndicho kilichokwenda pamoja."

Baada ya siku hiyo sikumimina tena kama zamani. Nilikuwa nikigonga fuvu la komba, dogo kama yai la bata, nasikia michi miwili kwa mbali sana, tu, tu, tu, tu, bibi na bibi wa bibi, nyuma hadi kusikokuwa na watu wala kinu, na bado wawili wanapokezana bila kugongana. Wengine kanisani kwetu hawapendi habari hizi. Mimi sibishani nao. Niliyoyashika kwa mikono nimeyashika.

Haya. Ugali.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Tulikuwa tumemaliza komba wote na tumbili wote, mbele na nyuma. Walibaki nyani, na nyani walikuwa wa Mzee Jilala, hakumwachia mtu. Yeye alikuwa na utaratibu wake: vyumba vya mbele vya wote kwanza, ndipo arudi kwenye vya nyuma. Alikuwa amemaliza vya mbele. Siku hiyo nikarudi nyumbani na chupa yangu, nikamkuta mama mkwe amekaa mlangoni na jogoo mapajani.

Mayu Holo alikuwa ametoka Kimali kwa miguu. Tangu niolewe na mwanawe Shija hakuwahi kukanyaga kwangu. Alimtaka mwingine, wa ukoo wenye ng'ombe. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akaitikia, akaangalia nyumba, akaangalia rafu, akaangalia miguu yangu.

"Nimekuja siku mbili," akasema.

Ndani kulikuwa na michembe na unga wa mahindi wa dukani, wa kujaza kiganja kimoja. Nikamwambia kwa adabu, "Mayu, nikuchemshie michembe upooze njaa?"

"Mkamwana, michembe hata kwangu ipo. Sikutembea toka alfajiri kufuata viazi vikavu." Akamkabidhi binti yangu Minza jogoo. "Nasikia unafanya kazi ya serikali. Nipikie ugali wa uwele."

Haikuwa ya serikali, lakini nani angemweleza? Majirani nao walikuwa wakavu kama mimi. Kwenda kuomba wakati mama mkwe amekaa mlangoni anahesabu hatua zangu, niliona ni kufa. Nikageuka, nikaiona chupa. Jua la jioni liliingia dirishani likapiga kwenye kioo, na uwele ule ukang'aa ndani yake kama kitu cha ndotoni, safi, hauna kapi, hauna jiwe.

Hapa ndipo nataka mnisikie vizuri, ninyi mlioanza kazi juzi. Nilisema moyoni, uwele ni uwele. Kesho kutwa ni mnada, nitanunua mwingine, nitajaza, nani atajua?

Niliuosha mara tatu, maana ulikuwa umepita kwenye vichwa vingi. Nikausaga kwenye jiwe. Mayu Holo alikula, akaongeza, akalamba vidole.

"Mkamwana, uwele huu mmeutoa wapi? Hauna hata mchanga."

"Kazini, mayu."

"Basi hiyo kazi usiiache."

Zile siku mbili zake zikawa miezi.

Niliomba ruhusa ya mgeni mpaka siku ya mnada, nikapata uwele mpya, wa mtu aliyekuja nao kutoka mbali, punje nene, haujakauka vizuri. Nikauchekecha mara moja tu, mbio mbio, nikajaza chupa. Mzee Jilala alipouchota akausugua kwenye kiganja.

"Uwele umenenepa."

"Ni unyevu tu, mzee. Nitauanika."

Aliniamini. Mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake, angemwamini nani? Nikauanika kweli, siku mbili, kana kwamba jua linaweza kubadilisha uongo. Naye akaanza vyumba vya nyuma vya nyani.

Mlio na simu mtasema, bibi, siku hizi kuna mashine. Najua. Kabula amenionyesha picha ya ubongo wa mtu aliye hai, na zile nyuzi zimepakwa rangi kama nywele za bibi harusi, zinatoka mbele zinakwenda nyuma na kurudi. Niliiangalia mpaka chai ikapoa. Nilikuwa najua zipo, ila mimi nilikuta nyumba, wenyewe wameshahama. Lakini hata mashine hiyo inashikwa na mtu, na mtu huyo ana mama mkwe.

Daktari Rehema alipokuja, alikaa chini ya turubai na madaftari siku nzima. Jioni akatuita.

"Mzee Jilala, nyani wako wananisumbua. Komba, mbele na nyuma vinakwenda pamoja. Tumbili vivyo hivyo. Nyani, mbele ni kama nilivyotegemea, nyuma pamesinyaa. Wote."

"Mfupa hausinyai, Daktari."

"Haswa. Kwa hiyo ama nyani amevunja kinu chetu, ama..." Hakumalizia. Aliangalia mikono ya mzee. Ilikuwa imeanza kutetemeka kidogo tangu masika iliyopita, sote tulijua, hakuna aliyesema. "Mzee, umefanya kazi kubwa. Macho yamechoka. Mwezi ujao nitaleta kijana wa chuo arudie. Jumamosi gari litakufikisha Malampaka, ukapumzike nyumbani."

Alisema kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyochoma. Nilingoja Mzee Jilala abishe. Mtu aliyenitafutisha gego siku mbili, nilijua atabisha. Hakubisha. Aliinua mikono yake akaiangalia kama ya mtu mwingine aliyeisahau pale.

"Labda ni kweli," akasema. "Mkono hauwezi kukuambia siku unayozeeka."

Mimi nikakaa kimya.

Kesho yake mchana, kambi ikiwa imelala kwa joto, niliingia kwenye chumba cha mifupa. Nikamchukua nyani mmoja tuliyemwita Pengo, aliyekosa jino la mbele, ambaye chumba chake cha mbele Mzee Jilala alikipima mimi nikiwa nimekaa kando, kabla ya mama mkwe kufika. Nikaziba matundu kwa pamba. Nikamimina. Sauti ilikuwa nyingine. Ile mvua ya mbali haikuwepo, ilikuwa kama mtu anayeburuta miguu. Nikagonga mara tatu, nikasawazisha, nikaweka kwenye mzani. Ukakaa chini ya namba ya daftari. Nikarudia. Chini. Nikarudia tena, kwa mikono yangu isiyo na haraka. Chini, palepale.

Pengo alikuwa amekufa zamani. Hakuwa amekonda. Uwele wangu mnono uliacha mianya kati ya punje, ukawa mwepesi, kipimo kilekile cha chumba kilekile kikatoa uzito pungufu. Vyumba vya mbele vya nyani vilipimwa kwa uwele wa Mzee Jilala, vya nyuma kwa uwele wangu wa mnadani. Nyani hakuvunja kinu chochote. Ni mimi.

Sasa mtasema, bibi alikimbia akasema. Sikukimbia. Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Nikisema, kazi nitapoteza, na Minza alikuwa anasoma kwa kazi hiyo. Nikisema, habari itafika kwangu, na mama mkwe atajua alichokula, na huku kwetu si kila mtu atacheka akisikia mkamwana amempikia mama mkwe kitu kilichotoka kwenye mafuvu. Siku hizo tatu nilikuwa natembea kama niko chini ya maji. Watu wananisemesha, naona midomo tu. Nikitwanga na Minza, michi inagongana.

"Mama, leo una nini?" akaniuliza.

"Twanga."

Jumamosi asubuhi Mzee Jilala alikuwa amefunga mzigo wake kwenye shuka, kigoda juu. Dereva alikuwa anapasha gari moto. Daktari amesimama na kalamu. Nikaja na chupa, nikaiweka chini katikati yao.

"Mkono wa mzee hauna kosa," nikasema. "Uwele ndio wenye kosa. Siyo ule wa zamani."

Daktari akaniangalia. "Wa zamani uko wapi?"

"Ulikwisha, mama mkwe alipokuja."

"Mama mkwe wako anahusika vipi na uwele wangu?"

"Aliula."

Dereva akazima gari. Mzee Jilala akashusha mzigo taratibu, kama una mayai ndani.

"Wote?" akauliza.

"Alibakiza wa kulamba."

Akakaa juu ya mzigo wake. Kwanza nilidhani analia. "Milembe!" akaniita kwa jina langu. "Umemlisha mkweo uwele uliolala vichwani mwa nyani wote wa Meatu?"

"Niliuosha mara tatu, mzee."

"Mara tatu!" Akajipiga paja. "Angalau hukuosha ya nne!"

Daktari Rehema hakucheka. Alikuwa ameshika kalamu kwa nguvu. "Mama Minza, nilikuwa namfukuza mtu asiye na kosa."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja leo. Umejua lini?"

"Siku tatu."

"Siku tatu," akasema, na siwaandikii alivyoniangalia. Kisha akaniambia nionyeshe. Nikamimina mbele yake ndani ya Pengo, akasoma mzani mwenyewe, akasoma daftari, akafunga daftari. Akatoka nje. Mtoto yule wa mjini, msomi, akamwendea Mzee Jilala pale kwenye mzigo, akapiga goti kama binti yetu yeyote.

"Mzee, nisamehe. Niliangalia mikono kabla ya kuangalia uwele."

"Inuka, Daktari, kuna vumbi," akasema Mzee Jilala. "Nisaidie kufungua huu mzigo. Nilifunga fundo la mtu asiyerudi."

Tulianza upya vyote. Komba, tumbili, nyani, mbele na nyuma, kwa uwele mmoja. Mzee Jilala aliuchekecha siku nne, mimi nimeshika chekeche ya pili, hatusemeshani. Mapumziko sikupata msimu mzima, wala sikuyaomba. Mwisho wake Daktari alichora vidoto kwenye karatasi kubwa, kila mnyama na kidoto chake, ubongo wa mbele unakwenda huku, wa nyuma unapanda huku. Akatuita tuone. Vidoto vya komba vilikuwa chini, vya tumbili katikati, vya nyani juu, vimefuatana kama ng'ombe wanaotoka lamboni jioni, mmoja nyuma ya mwingine, hakuna aliyeacha njia. Akasema hata wenzake wa mbali, waliopima kwa njia nyingine, walikuwa wanaona njia hiyohiyo. Niliangalia karatasi ile nikasikia tena ile mvua ya mbali, na safari hii ilikuwa inakuja kwetu.

Lakini nirudi nyuma kidogo, siku uwele mpya ulipokwisha kuchekechwa. Daktari alitaka chupa ilale kwake, kwenye sanduku la chuma. Mzee Jilala akakataa.

"Irudi kwa Milembe."

"Mzee, baada ya yote haya?"

"Wewe bado hujaungua na chupa hii. Yeye ameshaungua."

Nikaibeba jioni hiyo mpaka nyumbani, imenilemea kuliko maji. Nikawaita wote uani: Shija mume wangu, Minza na wadogo zake, na Mayu Holo kwenye kiti chake. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamwambia yote, na vichwa, na kuosha mara tatu. Shija akaangalia chini. Nilikuwa namngoja asimame, achukue fimbo yake, arudi Kimali akanitangaze njia nzima.

Mayu Holo akaegemeza fimbo yake kitini.

"Ndiyo maana," akasema mwisho, "tangu siku ile nakumbuka mpaka majina ya mbuzi wa marehemu baba yangu." Kisha sauti ikabadilika. "Na yule mzee wa watu ungemwacha aondoke kwa ajili ya tumbo langu?"

"Karibu nimwache, mayu."

"Basi kosa ni letu wawili. Mimi nilikataa michembe. Inuka."

Nikainuka, nikaipandisha chupa kwenye rafu, nikageuka nikawaambia nyumba nzima, mume wangu akiwemo, na amri hiyo haijafutwa mpaka leo: "Uwele huu hauliwi. Mgeni akija na hatuna unga, atakula michembe, awe mkwe, awe mwenyekiti wa kijiji, na aibu nitaibeba mimi. Na siku mtakayoniona mimi mwenyewe nimeshika mfuniko wa chupa hii na siendi kazini, nishikeni mkono. Hata nikiwapiga, msiuachie."